Posa ya Mtani

Sijapata kuona mwanamume aliyetangaza mapenzi yake wazi kama Athanas, wala sijapata kuona mwanamume aliyeaminiwa kidogo kama yeye. Alimwambia msichana mwenyewe, akachekwa. Alimwambia mbele ya chuo kizima, chuo kizima kikashika mbavu. Mimi nilikuwepo, na nayasema haya kwa sababu wapo wanaosimulia kisa hiki bila kuwepo, na wanakiharibu.

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa cha misheni, juu ya kilima, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Kisarawe. Mwaka ule picha ya malkia mpya ilipotundikwa ofisini ndio mwaka walipoanza kuchukua wasichana. Sisi wasichana tulikuwa wachache mno, na Padri Gaspari, mkuu wa chuo, alituogopa kuliko alivyoogopa chui. Alipanga mawe yaliyopakwa chokaa katikati ya uwanja, wavulana huku, wasichana kule. Kuvuka mawe kulihitaji sababu, na sababu ilitakiwa isemwe kwa sauti ili wote waisikie. Wengi wetu tuliona heri kubaki na shida zetu.

Mimi ni Kristina, mtu wa Gwata, upande wa Kibaha. Kitanda changu bwenini kilikuwa kando ya kitanda cha Ursula, binti wa Mzee Felician Pazi wa Masaki, kijiji cha hukohuko Kisarawe. Ursula alikuwa Mzaramo wa haswa, mrefu, mwepesi wa kicheko, na ulimi wake ulikuwa haupumziki hata akiwa na homa. Nilimpenda sana. Pia alinichosha sana.

Athanas alikuja wiki ya pili, amechelewa. Alitoka Tabora kwa treni, akashuka Soga, akapotea njia, akafika amejaa vumbi hadi kwenye kope, sanduku la bati kichwani. Alikuwa hajui mtu hata mmoja. Alisimama pale uwanjani akijaribu kutabasamu kwa kila aliyepita, na kila aliyepita alitazama pembeni. Nilimwonea huruma, lakini nilikaa upande wangu wa mawe.

Ursula akamwuliza kutoka mbali yeye ni kabila gani. Akajibu ni Mnyamwezi. Basi Ursula akaruka mawe ya Padri kama vile hayapo, akaenda akalitwaa lile sanduku, akaliweka chini na kulikalia. Akatangaza kuwa mzigo umefika kwa mwenyewe, na mpagazi anaweza kurudi kwao.

Ungemwona Athanas uso wake ulivyobadilika. Alikuwa mtu aliyefika nyumbani. Akajibu kwamba mzigo atauacha, ila na huyu aliyeukalia atamchukua kwa pamoja, maana kwao Tabora wanahitaji mtu wa kufukuza ndege mashambani. Siku ileile walikuwa na kelele za kutosha watu ishirini.

Kwa asiyejua, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakiteremka pwani na pembe za ndovu mabegani. Mtani anaweza kukutukana, anaweza kukunyang'anya kitu mkononi, anaweza kusema wewe ni mtumwa wake na babu yako pia, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Msiba ukiwafika, mtani ndiye anayekuja kuwachekesha mliokauka kwa kulia. Kwa hiyo hatukushangaa. Tulimwachia Ursula Mnyamwezi wake, na Mnyamwezi tukamwachia Mzaramo wake, tukakaa mkao wa kusikiliza.

Aliyeshangaa ni Padri Gaspari. Alikuwa amekaa Tanganyika miaka mingi, anajua Kiswahili cha kuhubiri na cha kugomba, lakini utani hakuna aliyemweleza. Yeye aliona msichana na mvulana wanaochukiana vibaya sana, akawa anawaombea. Nasema kweli. Aliwataja kwa majina katika sala ya jioni.

Mambo yakaenda hivyo mwaka mzima. Mwaka wa pili tukapelekwa kufundisha kwa majaribio katika shule ya misheni huko Janga. Zamu ya Athanas ilipofika, mkaguzi amekaa nyuma ya darasa na kofia yake magotini, Athanas akaandika a, akaandika e, kisha akili yake ikamtoka. Alisimama na chaki mkononi. Watoto wakaanza kucheka kidogokidogo, halafu wakacheka wote. Mkaguzi akamwambia akae chini, mwingine aendelee. Na mwingine mwenyewe alikuwa Ursula.

Sisi sote tulingoja. Nafasi kama ile mtani hapewi mara mbili. Ursula akafundisha, akamaliza, akatoka nje, akachota maji mtungini kwa kata, akampelekea Athanas aliyekuwa amejibanza ukutani. Akakaa kando yake. Hakusema neno. Na njia nzima ya kurudi, jua linatuchoma, hakumtania hata kidogo.

Baadaye Athanas aliniambia kuwa matusi yote ya mwaka mzima yalikuwa hayajamfanya kitu, lakini ule ukimya ulimmaliza. Alianza kukosa usingizi. Alianza kuchana nywele mara kwa mara, na nywele zenyewe zilikuwa chache.

Hakukuwa na kizuizi chochote. Watani huoana, na wote wawili walikuwa Wakatoliki. Ilimbidi aseme tu. Basi akasema. Alivuka mawe kwa kisingizio cha kuazima jembe, akamkuta Ursula nyuma ya jiko anapeta mchele, akamwambia kwamba anampenda na anataka kumuoa.

Ursula akaweka ungo chini, akacheka mpaka akakaa juu ya kuni. Akamwambia leo amejitahidi, hilo hajapata kulisikia. Akamwuliza atamwoa akamweke wapi, juu ya kichwa na mizigo mingine? Mimi nilikuwa mlangoni nachambua maharage. Nilimtazama Athanas nione atajibu nini. Naye akacheka! Yeye mwenyewe, mwenye posa yake, alifungua kinywa akacheka pamoja naye, akaongeza kuwa kichwani hapana, atamfunga kamba amswage. Kisha akachukua jembe ambalo hakulihitaji akaondoka.

Nilimfuata. Nilimwambia, "Athanas, tatizo lako si maneno. Ni meno."

Akaniuliza maana yake nini. Nikamwambia mtu anayeposa hafungui meno yote thelathini na mawili. Akasema anajua, alikuwa ameukaza uso tangu bwenini, lakini Ursula akicheka naye hucheka, ni kama kupiga chafya, huwezi kuizuia. Nikamwambia basi atakufa na chafya yake.

Wiki hiyohiyo Padri naye akaamua kuwa maombi peke yake hayatoshi. Wakati wa kupanga mstari wa chakula, alimsikia Ursula akimwambia Athanas kwamba siku akifa atazikwa ndani ya gunia, kwa kuwa sanda itakuwa inamwonea haya. Padri alibadilika rangi mpaka masikioni. Aliwaita ofisini, akawashikisha mikono mbele ya picha ya malkia, akatoa amri: kwa wiki nzima watasemezana kwa adabu ya Kikristo. Ataitwa kaka Athanas, naye ataitwa dada Ursula. Atakayevunja atafyeka majani ya kilima chote.

Nilidhani hapo ndipo Athanas amepata njia. Adabu si ndiyo aliyoitaka? Lakini sikuwajua wenzangu vizuri. Asubuhi ya kwanza Ursula aliinamisha kichwa akasema, "Kaka Athanas, nina hakika umelala salama," na bwalo zima likapasuka. Tulikuwa hatujasikia kitu cha kuchekesha namna ile. Kila "tafadhali" iliyotoka ilikuwa kichekesho, kila "asante" watu walipiga meza. Abeid, mpishi wetu, aliacha ugali jikoni ukaungua ili asipitwe. Padri peke yake ndiye aliyefurahi kwa dhati, akifikiri tunachekea furaha ya amani.

Jumamosi Athanas akasimama. Alikuwa amevaa kaptula iliyopigwa pasi na mikono ameiweka nyuma. Akasema kwa sauti ya kanisani kuwa, kwa heshima na taadhima, anampenda dada Ursula, na angependa kumwoa mbele ya Mungu na watu.

Nilifumba macho. Nilisikia bwalo linavyoanguka. Nilipoyafumbua, Ursula alikuwa amesimama naye, amekunja mikono kifuani, anamjibu kuwa posa imepokelewa kwa masikitiko makubwa, na familia ya marehemu itajulishwa. Padri alipiga makofi. Na Athanas, ole wake, nikayaona meno tena.

Safari hii hakuniuliza kitu. Alikwenda kukaa peke yake kwenye mawe ya chokaa, si huku wala kule.

Sasa hapo bado ulikuwa mchezo. Uliacha kuwa mchezo alipotokea Damiani.

Damiani alikuwa karani wa bomani Kisarawe. Alikuwa na baiskeli mpya, na kengele ya baiskeli hiyo aliipiga hata njiani akiwa peke yake, hata akiwa anaisukuma kwa mkono. Sina neno baya juu yake. Alikuwa safi, hanywi, anasali, na alimheshimu kila mtu kwa kiasi kilekile. Alimwona Ursula siku ya Pasaka, akapeleka mshenga Masaki kama inavyotakiwa, na Mzee Felician akasema atajibu baada ya mavuno ya korosho. Hakuna aliyecheka. Ilikuwa posa ya kweli, na ilipokewa kama posa ya kweli.

Ursula aliniambia habari hizo mtoni, tunafua. Nikamwuliza anamtaka? Akasema Damiani ni mtu mzuri. Nikamwuliza tena anamtaka? Akalipiga shuka jiweni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akasema baba amemwambia mwenyewe achague, lakini mtu huchagua katika vilivyopo. Aliyeleta posa ni Damiani. Hakuna mwingine.

Nikamwambia mwingine yupo, ameposa mara mbili na mimi ni shahidi.

Ursula hakucheka. Alikamua lile shuka mpaka likakauka. "Yule," alisema, "hajapata kuniambia kitu bila kucheka. Nikiitikia halafu akasema alikuwa anatania, nitaweka wapi uso wangu, Kristina?"

Nilikuwa nimemwona mwoga mmoja siku zote, kumbe nilikuwa naishi na wawili. Kila mmoja amejificha nyuma ya kicheko cha mwenzake.

Kabla ya korosho kukauka, bibi yake Ursula, Bibi Sikuzani, akafariki. Alikuwa mama yao Mzee Felician na kaka yake mkubwa, Mzee Twalibu. Mzee Twalibu alikuwa Mwislamu, mdogo wake Mkatoliki, na bibi mwenyewe alikuwa akisema dini zote ni nzuri mradi ugoro usikosekane. Alizikwa, watu wakalala matangani. Siku ya kuondoa matanga ilipokaribia ikaonekana jambo moja limepungua. Mtani hayupo. Zamani walikuwa na mzee mmoja wa Kinyamwezi aliyekata mkonge huko bondeni, lakini alikuwa amekwisha rudi kwao. Mzee Twalibu akasema mama yake hawezi kuondoka bila kutaniwa, kama mbwa. Akauliza hakuna Mnyamwezi yeyote jirani?

Ursula akasema chuoni yupo.

Padri alimpa Athanas ruhusa mara moja. Alielezwa kuwa familia ya Ursula imefiwa na inamtaka Athanas kwa jina, akaona hayo ndiyo matunda ya amri yake. Alimpa na rozari ya pili, kwa ajili ya kusalisha. Mimi niliruhusiwa pia, kama rafiki wa mfiwa. Njiani kwenda Masaki Athanas alitembea mbele, akipiga mawe teke. Alijua, kama nilivyojua mimi, kuwa mavuno ya korosho yamekwisha, na matanga yakiisha Damiani atajibiwa.

Tulikuta ua umejaa. Wanawake walikuwa wamekaa mikekani na nyuso za kulia, wanaume chini ya banda la makuti. Damiani alikuwepo, baiskeli ameiegemeza kwenye nguzo. Nilikaa na Ursula karibu na mlango wa nyumba.

Athanas akaanza kazi. Na lazima niseme, kwa kazi ile sijaona mfano wake. Aliingia moja kwa moja hadi chumbani kwa marehemu, akatoka amejitanda khanga ya Bibi Sikuzani, amepinda mgongo, anawatukana kuku. Alimtukana kila kuku kwa jina lake, kwa maana Ursula alikuwa amemsimulia yote katika miaka miwili ya ugomvi. Akamwomba Mzee Twalibu ugoro kwa sauti ya bibi, akaunusa, akasema mwanangu umebana mkono hata kwa maiti. Akasema bibi hajafa, amejificha tu wasije kumwazima kinu. Akamkumbusha Mzee Felician siku alipokwama juu ya mkorosho, akashushwa na mkewe.

Wanawake ambao macho yao yalikuwa yamevimba walianza kutikisika mabega. Mzee Twalibu, mtu mkavu ambaye watoto wa Masaki walikuwa wakimkimbia, alishika nguzo ya banda kwa mikono miwili akacheka huku machozi yanamtiririka, na machozi yale hukuweza kujua ni ya kitu gani, ya kicheko au ya mama. Nami nililia. Nilimkumbuka bibi yangu.

Kisha mtani akadai haki yake. Alikaa kizingitini, akanyoosha miguu, akasema hapiti mtu mpaka alipwe. Wakampa ugoro, akakataa. Wakampa pishi ya mchele, akakataa. Mke wa Mzee Twalibu akaleta jogoo, miguu imefungwa, jogoo wa haja. Akakataa.

Mzee Twalibu akamwuliza basi mtani unataka nini.

"Namtaka Ursula," Athanas akasema.

Ua ulicheka mpaka mbwa wakakimbia. Watu walianguka juu ya wenzao. Mzee Twalibu alipiga kelele apewe, apewe hata sasa hivi, na pishi ya mchele juu. Damiani alicheka kuliko wote, akaja akampiga Athanas begani kumpongeza, akamtia yule jogoo mikononi. Na Ursula kando yangu alicheka pia, ila nilikuwa karibu nikasikia kuwa kicheko chake kilikuwa hakina pumzi.

Nilimtazama Athanas mdomo. Ulikuwa umeanza kufunguka. Kama angechukua jogoo yule, mambo yangekuwa yamekwisha: mtani amelipwa, matanga yameondolewa, Damiani angejibiwa jioni ileile. Nilitaka kusimama nimzabe kofi.

Akaufunga mdomo. Akamweka jogoo chini. Akaivua khanga ya Bibi Sikuzani, akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaiweka mkekani. Kisha akaenda hadi mbele ya Mzee Felician, akainama.

"Shikamoo, baba."

Mtani haamkii. Kicheko kilizimika upande wa wanaume kwanza, halafu kwa wanawake, mwishowe kwa watoto ambao hawakujua kwa nini wananyamaza. Mzee Felician alikuwa amefungua kinywa kuitikia kwa mazoea, akakifunga tena.

Mzee Twalibu akauliza kama mchezo umekwisha. Athanas akajibu umekwisha.

"Namtaka Ursula," alisema tena. "Nimekuja kwa miguu yangu, sina mshenga, na ninajua yupo aliyenitangulia. Lakini sitanii."

Hapo nikaona jambo ambalo hata mimi, mwenye kujifanya mjuzi, nilikuwa sijaliwaza. Uso wa Mzee Twalibu ulianza kukauka, polepole. Alijipangusa machozi kwa kanzu. Akasogea.

"Kama hutanii," alisema, "nani aliyekuwa akimwiga mama yangu hapa?"

Athanas akasema ni mtani.

"Mtani yuko wapi?"

Athanas akatazama huku na huku, kana kwamba kweli angeweza kumwona. Akasema hayupo.

Ndipo lawama zilipomshukia. Nani aliyesema mimi nina mkono wa birika? Nani aliyetaja mkorosho mbele ya wakwe? Nani aliyeingia chumbani kwa marehemu na viatu? Kila kilichochekesha dakika chache nyuma kilikuwa sasa ni tusi, na kilikuwa na mwenyewe aliyekuwa amesimama pale na kaptula ya pasi. Shangazi mmoja alianza kulia upya. Mtu mmoja alikuwa ameokota mchi. Nilifikiri moyoni kwamba huku ndiko kukua, kusema neno na kukosa mahali pa kulirudisha, na sikuona uzuri wake hata kidogo.

Mzee Felician akainua mkono, watu wakatulia. Alikuwa mtu mpole. Alimgeukia Athanas.

"Mwanangu," alisema, "mtani ana heri. Nyumba hii ni yako, unaingia, unakula, unatutukana, unalala, hakuna wa kukuuliza. Mkwe hana heri hiyo. Mkwe atapiga hodi kwangu mvua inanyesha, atapiga hodi akiwa na njaa, atapiga hodi mpaka nife. Sema tu ulikuwa unatania, umchukue jogoo wako. Hatutakusema."

Alikuwa akimfungulia mlango wa kutokea, na alifanya hivyo kwa wema. Wote tuliona. Damiani aliona, akatikisa kichwa kwa kumtia moyo, maskini, kwa sababu hakumtakia mtu mabaya.

Athanas aligeuka, akapita katikati ya watu, akatoka nje ya ua hadi njiani. Wengine walidhani anaondoka, na mwenye mchi akauweka chini. Tukasikia nyayo zimesimama upande wa pili wa ua wa makuti.

"Hodi," akasema.

Hakuna aliyeitikia. Mzee Felician alitazama ardhi. Alikuwa amepokea posa ya Damiani kwa mkono wake, na kumkaribisha mwingine ingekuwa kumfukuza wa kwanza mbele ya watu. Mzee Twalibu alitazama khanga ya mama yake. Wanawake walitazamana. Hata watoto wanajua kuwa hodi ni tatu, na ya tatu isipoitikiwa mgeni hana budi kwenda zake.

"Hodi."

Damiani alishtuka, mkono wake ukagonga kengele ya baiskeli. Ililia peke yake katika ua ule, naye akaishika upesi kuinyamazisha. Ursula alinishika kiganja. Aliniumiza. Nilitaka kumwambia sema, mwanamke, una ulimi unaowashinda watu ishirini, leo umeuweka wapi. Lakini sikuwa na haki. Neno hilo lilikuwa lake, kama lile la Athanas lilivyokuwa lake, na baada ya hapo hapakuwa na nafasi ya kusema nilitania.

"Hodi." Safari hii sauti ilikwaruza katikati.

Binti haitikii hodi mbele ya baba yake na baba yake mkubwa, si katika ua uliojaa watu, si siku ya matanga. Ursula aliachia mkono wangu, akasimama. Uso wake ulikuwa umelowa, na haukuwa na kicheko mahali popote.

"Karibu," alisema.

Tulisikia njiani mtu akishusha pumzi. Kisha Athanas akavua viatu, akavishika mkononi, akaingia ameinamisha kichwa kama mtu asiyemjua yeyote.